Kinanda cha kwaya kilichorudi mezani mara mbili

Kiliingia dukani kwangu Mwanjelwa, Mbeya, kimeviringishwa kwa khanga mbili na kamba ya katani. Mwalimu wa kwaya alikuwa amekipakata tangu Kiwira, maana alikataa katakata kisipandishwe kwenye keria ya costa. Ilikuwa Aprili, mvua za Rungwe zilikuwa hazijaamua kukata, na khanga ya nje ilikuwa imelowa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, fundi. Mgonjwa wangu huyu. Nota saba hazilii, na zimetawanyika, moja huku nyingine kule."

Ni kinanda cha Kijapani cha miaka ya 1990, vibonyezo 61, kinachotumia adapta ya volti 9 au betri sita kubwa, zile za redio na tochi. Kabla yangu alikuwa amekipeleka kwa fundi mwingine aliyemwambia raba za chini ya vibonyezo zimechoka. Huyo akazipaka kitu cheusi, akachukua hela yake, na nota saba zikabaki bubu vilevile.

Nilianza kwa kuhesabu. Kutoka nota mfu ya kwanza hadi ya pili kulikuwa na hatua nane, hadi ya tatu nane tena, na hivyohivyo mpaka mwisho. Hapo raba zikatoka kwenye orodha ya watuhumiwa. Raba huchoka pale vidole vinapopiga sana, yaani katikati ya kinanda. Haziwezi kukubaliana zife kila ya nane. Ndani ya kinanda hakuna waya mmoja kwa kila kibonyezo, vibonyezo vimepangwa kama miche ya chai ya Katumba, kuna mistari ya urefu na mistari ya kukata, na chipu inakagua mstari mmoja baada ya mwingine mara nyingi kwa sekunde. Mstari mmoja ukikatika, kila kilichosimama juu yake kinanyamaza. Kwa hiyo kulikuwa na njia moja ya shaba kwenye bodi iliyoliwa, na kitu kilichoila.

Nikauliza kama kuna betri ndani. Mwalimu akacheka. "Betri? Tangu umeme wa vijijini wa REA ufike kwetu hatujanunua betri, fundi."

Hilo jibu nalisikia kila wiki, na huwa lina maana kwamba betri zimo.

Mlango wake uligoma. Nilipouinua kwa bisibisi ukatoka na vumbi jeupe na harufu kali iliyokwama puani. Ndani zilikuwepo sita. Nne zilikuwa zimevimba, karatasi zao zimelowa na kuwa kama uji, na kopo la zinki limetoboka matundu ambayo ungeweza kupitisha punje ya mtama. Mbili hazikuwa na tundu lolote, ila kwenye ncha ya hasi zilikuwa zimeota manyoya meupe kama barafu ya friji iliyosahauliwa kuyeyushwa. Springi ya kona niliigusa tu, ikakatika kama biskuti.

Historia yake mwalimu aliikumbuka polepole, akiwa ameketi kwenye kreti. Pasaka moja, miaka mitatu nyuma, umeme ulikatika Alhamisi na mkutano wa injili ulikuwa Jumamosi. Walikuwa na betri nne za siku nyingi. Vijana wakazianika juani juu ya bati, kama sote tulivyolelewa kufanya. Mbili zilizopungua wakazinunua Tukuyu, za bei, za alkali. Kinanda kikalia siku mbili, umeme ukarudi, adapta ikachomekwa. Baada ya ibada kilikuwa kinasimamishwa wima kwenye kona ya ofisi ya kanisa, upande wa betri juu, ili kisichukue nafasi.

Karibu kila jambo katika hadithi hiyo limechangia. Betri ya kawaida ya bei nafuu, ile iliyoandikwa R20, kopo lake lenyewe ndilo linaloliwa ili umeme utoke. Ikiisha, ukuta wake umekuwa mwembamba. Kuianika juani kunaiamsha kidogo, kwa sababu joto linaharakisha kilichobaki ndani, lakini linaharakisha na kuliwa kwa ukuta. Ukiiunga mstari mmoja na betri mpya yenye nguvu kuliko yeye, iliyochoka inakwisha kwanza na wenzake wanaendelea kusukuma umeme kupitia mwilini mwake, kinyumenyume. Hapo gesi inajaa, na maji yanatafuta pa kutokea. Kinanda kikiwa kimesimamishwa wima, yakishatoka yanajua pa kwenda: chini, kupitia tundu la nyaya, hadi kwenye bodi ya vibonyezo.

Sasa nafika kwenye kosa langu.

Nimezoea kusafisha uvujaji kwa siki. Nusu ya rimoti na tochi zinazoletwa siku hizi zina betri za alkali, na siki husafisha uvujaji wao vizuri. Nikavaa glavu na miwani, nikafungua skrubu kumi na kitu, nikatoa bodi, nikachovya mswaki kwenye siki na kupaka kila palipokuwa na weupe. Pote pakatoa povu. Nikajisemea, povu limekuja, dawa imekubali. Nikafuta kwa kitambaa chenye maji, nikapitisha spiriti, nikaanika.

Njia iliyoliwa ilikuwa inaonekana bila shida. Chini ya rangi ya kijani ya bodi shaba imegeuka nyeusi, urefu wa kama kidole gumba, na kwenye mita ilisoma kama njia iliyokatika, mahali ambapo hata omu moja ni nyingi. Nikaikwangua kwa wembe mpaka nikaona shaba inayong'aa pande zote mbili, nikapaka flaksi, dawa ya kusaidia lehemu ishike, nikailehemu, kisha nikaruka sehemu mbovu kwa uzi mmoja wa waya wa koili kutoka kwenye transfoma bovu. Juu yake nikapaka rangi ya kucha ili hewa isiingie. Nikafunga springi mpya. Nota zote saba zikalia. Mwalimu alipiga do mpaka do, kisha akapiga wimbo mzima, na wauza mitumba wa jirani wakaitikia. Akalipa 25,000, akaondoka.

Baada ya wiki tatu akarudi na khanga zilezile.

Safari hii kulikuwa na matatizo mawili. Nota mbili kati ya zile saba zilikuwa zimekufa tena. La pili ni kwamba kinanda kizima kilikuwa kinazima kikiguswa upande wa adapta. Mwalimu hakugomba. Alisema tu, "Fundi, Jumapili tuliimba mkavu," na mimi ningependa angegomba.

Nilipokagua ile rangi ya kucha kwa kioo cha kukuza niliona kitu kilichoniaibisha. Ilikuwa bado imeshika vizuri, laini na safi, na chini yake palikuwa na madoa ya kijani yanayotambaa kutoka pande zote mbili za lehemu yangu. Kutu haikutoka nje. Niliifungia ndani mwenyewe.

Siku hiyo sikugusa siki. Betri za zamani nilikuwa bado nazo kwenye kopo la rangi nyuma ya duka, kwa sababu sijapata mahali pa maana pa kuzitupa. Nikazifuta na kuzisoma moja moja. Nne zimeandikwa R20. Mbili zimeandikwa LR20. Hiyo herufi L ya mbele ndiyo kesi yote: L ni alkali, na isiyo na L ni ile ya zamani ya zinki na kaboni. Ndani ya LR20 kuna haidroksaidi ya potasiamu, kitu cha ukoo mmoja na magadi makali. Kikidondokea kidole kinateleza kama sabuni, kwa sababu kweli kinageuza mafuta ya ngozi yako kuwa sabuni. Ndani ya R20 kuna chumvi za kloridi, ya amonia au ya zinki, na hizo ni za uchachu. Ni mapishi ya zamani mno, kloridi ya amonia ilikuwemo tayari kwenye betri ya Georges Leclanché, Mfaransa, mwaka 1866. Ndani ya kinanda kimoja, basi, nilikuwa na uvujaji wa aina mbili zinazopingana, na mimi nikautibu wote kama mmoja.

Na lile povu? Povu lilinidanganya. Mabaki ya alkali yakikaa hewani yanavuta kaboni dayoksaidi na kuwa kaboneti, na kaboneti ikikutana na siki inatoa povu. Hiyo ni sawa. Lakini zinki iliyoliwa nayo hufanya kaboneti yake nyeupe, na hiyo pia ikikutana na siki inatoa povu. Kwa hiyo povu halikuambii ni betri gani imevuja, linakuambia tu kwamba pale palikuwa na kaboneti. Mafundi wengi tunalisoma povu kama cheti cha hospitali. Mimi nimeacha.

Ninachotumia sasa ni manjano ya jikoni. Kila aliyewahi kufua shati lenye doa la pilau ya manjano kwa sabuni ya mche ameona doa likigeuka jekundu. Ndicho kipimo chenyewe. Nakoroga manjano kwenye spiriti kidogo, nachovya karatasi nyeupe, naiacha ikauke, kisha naigusisha kwenye uchafu niliolowesha kwa tone la maji. Ikigeuka nyekundu ya udongo, ni alkali. Ikibaki njano, si alkali, na hapo siki haina kazi. Karatasi iliyogusa ncha za zile LR20 iligeuka papo hapo, hata baada ya miaka mitatu. Ya zile R20 ilibaki njano kama ilivyo.

Dawa ya upande wa R20 ni soda ya kupikia, kijiko kidogo kwenye kikombe cha maji, unapiga mswaki, unasubiri dakika chache. Lakini tusidanganyane, soda nayo si mhusika mkuu. Inapoza uchachu tu. Kloridi yenyewe haiuliwi na soda wala siki, na ni kloridi inayorudi kula shaba kila hewa inapokuwa na unyevu, na huko Rungwe hewa ina unyevu karibu mwaka mzima. Kloridi inaondolewa na kitu kimoja, maji, tena mengi. Kitambaa nilichofutia mara ya kwanza kilikuwa kinaihamisha tu kutoka hapa kwenda pale.

Najua kuna watakaoshtuka. Umeme na maji ni maadui, ndiyo. Bodi iliyolala mezani bila umeme, bila betri, haina ugomvi na maji hata kidogo. Unachotenga ni spika, transfoma na swichi zilizo wazi. Nilifungua kila kitu, nikaizamisha bodi kwenye beseni, nikaipiga mswaki kuanzia katikati kwenda pembeni, nikamwaga, nikarudia mara nne. Maji ya bomba yana madini yake, kwa hiyo mara mbili za mwisho natumia maji yaliyotoneshwa, yale wanayoongezea betri za magari. Hapo uwe na macho: madukani chupa mbili tofauti huitwa maji ya betri, na moja ni asidi ya salfuriki. Soma chupa, usisikilize muuzaji. Kwa walio Rungwe kuna njia ya bure, maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kwenye beseni safi uwanjani. Yaliyopita kwenye bati lenye kutu, hapana.

Baada ya maji, spiriti, kwa sababu inayavuta maji kutoka chini ya vipande na kukauka haraka. Tina ya kuyeyushia rangi usithubutu, inakula plastiki na maandishi. Petroli nimeona mafundi wakiitumia, na sitaki kuizungumzia zaidi ya kusema kwamba haiyeyushi chumvi. Kisha bodi ikalala siku mbili karibu na balbu, maana Mei ya Mbeya haina jua la kukausha kitu kwa asubuhi moja. Rangi ya kucha niliirudisha siku ya tatu, baada ya kukwangua upya kila chenye kijani, na kupanua eneo kwa nusu sentimita kila upande zaidi ya palipoonekana pabaya. Kutu ya namna hii huwa imefika mbali kuliko inavyoonyesha.

Hizo ndizo nota mbili. Kuzima kulikuwa kesi nyingine, na nusura initoroke.

Adapta nzima: volti 9 na pointi. Kitundu cha adapta kikitikiswa, kwenye bodi zinashuka hadi 6, kisha sifuri. Nikadhani kitundu kimelegea, nikakilehemu upya. Risasi ya kulehemu ikakimbia. Ilijikunja kuwa kijipira cha kijivu na kukataa kushika mguu mmoja, huku mguu wa pili ukishika vizuri. Kwa fundi, risasi ikikimbia ni kama ng'ombe kukataa kuvuka daraja. Usimpige, angalia kuna nini.

Mguu uliokataa ni ule unaopokea waya mweusi kutoka kwenye sanduku la betri. Waya ulionekana mzima kabisa, plastiki yake safi, hata vumbi hauna. Nikaukata sentimita mbili kutoka kwenye betri: shaba nyeusi kama mkaa. Sentimita tano: nyeusi. Kumi: nyeusi. Nilimenya waya wote, kama sentimita ishirini na tano, na nyuzi zilikuwa nyeusi hadi mwisho, zinatoa unga wa bluu-kijani ukizikunja. Nikagusisha karatasi ya manjano kwenye unga huo. Ikawa nyekundu.

Alkali ina tabia hiyo. Hutambaa katikati ya nyuzi za waya kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, na hupenda zaidi upande wa hasi. Waya mwekundu wa kinanda hichohicho ulikuwa unang'aa. Kwa hiyo wakati mimi nahangaika na bodi iliyoliwa na zile nne, zile mbili za bei zilikuwa zimesafiri kimyakimya ndani ya waya mpaka kwenye kitundu cha adapta, mahali ambapo hata ukiondoa betri zote na kutumia umeme wa ukutani lazima umeme upite.

Waya wa namna hiyo hausafishwi. Hakuna siki itakayoingia sentimita ishirini na tano ndani ya plastiki, na ukikata sehemu mbaya na kuunga, umeacha mbegu. Niliung'oa wote nikaweka mpya, na kitundu cha adapta nikatoa kwenye kinanda kibovu nilichonacho cha vipuri. Hapo siki ilipata kazi yake halali: mabati ya mawasiliano upande wa LR20, dakika tano kwenye kifuniko cha chupa, kisha maji, kisha msasa laini.

Tangu hapo nina utaratibu ambao kijana wangu wa kazi anauona wa kizee. Kifaa kikija na betri zilizovuja, kabla ya kusafisha chochote, namenya ncha ya waya mweusi. Kikiwa na betri mchanganyiko, nachora kwenye karatasi ipi ilikaa wapi kabla sijazitoa. Juzi imeletwa kompyuta ya zamani kutoka Njombe, ina kibetri cha nikeli na kadimi kilicholehemewa kwenye mazabodi, kimevuja na kusambaa chini ya chipu tatu. Hicho nacho ni alkali, manjano imethibitisha, na utaratibu ni uleule, isipokuwa chipu zitalazimika kung'olewa. Kijana ameshaanza kulalamika.

Mara ya pili mwalimu sikumtoza. Alikuja Jumanne, akapiga do mpaka do, akatikisa upande wa adapta kwa nguvu kuliko nilivyopenda, akaridhika. Sanduku la betri nimeliacha tupu na kubandika utepe mweupe juu ya mlango wake, nimeandika kwa kalamu nene tarehe na neno TUPU.

Imebaki fa moja ya juu kabisa inayotaka kubonyezwa kwa nguvu. Hiyo ni raba kweli, na ni kazi ya yule aliyeipaka kitu cheusi. Nilimwambia akiacha kinanda wiki moja nitamtafutia nyingine. Akakifunga kwenye khanga zake, akasema nyimbo zao hazipandi huko, na kwamba Jumapili ni Pentekoste. "Ndaga fijo, fundi," akanishukuru kwa Kinyakyusa, akaenda kupigania kiti cha mbele kwenye costa ya Tukuyu.